Msifunge Mizigo Kabla ya Kaskazi: Barua kwa Wageni wa Mkomani na Langoni

Assalamu alaykum, wanangu.

Nawaandikia nyinyi walimu, wauguzi, makarani na vijana wa biashara mliovuka kutoka Mokowe, gati ya bara, tangu Januari, mkakodi nyumba na vyumba Mkomani na Langoni, mitaa ya mji wa kale wa Lamu. Mvua ya masika haijakauka vizuri kwenye vichochoro na tayari wako wanaoulizia chumba mtaa wa Wiyoni, wako wanaotaka kurudi bara, na wako mke na mume wasiosemezana kwa kuwa mmoja ndiye aliyesema tuhame. Malalamiko ni yale yale: mtaa una unyevu, mtaa una kelele, mtaa hauna maji, watu wa mtaa hawamjali mtu.

Langu ni hili. Mengi mnayoulaumu mtaa ni ya nyumba, tena nyumba mliyoikagua katika mwezi wa kudanganya. Januari kaskazi, upepo mkavu wa Desemba hadi Machi, inavuma, kuta zimekauka, mwenye nyumba ameshapaka rangi. Aliyeiona nyumba ya Lamu Januari ameona bibi harusi siku ya harusi. Mvua kubwa huku hushuka Aprili hadi Juni, na Mei ndiyo mama yao. Hapo ndipo nyumba husema kweli.

Tuanze na ukuta, maana ndio umewafukuza watu wengi kuliko jirani mbaya. Ukuta wa nyumba ya kale ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, unene wake ni kama nusu mita. Jiwe hilo lilitoka baharini na chumvi yake, na kuna mafundi waliochanganya mchanga wa pwani wakaongeza chumvi nyingine. Maji ya ardhini hupanda ndani ya ukuta kama mafuta yanavyopanda utambi, yakifika usoni hukauka, na chumvi hubaki. Ule unga mweupe unaoanguka kitandani ni shura. Si uchafu wa mtaa, wala hakuna aliyewafanyia jambo.

Kosa kubwa ni kuuziba kwa simiti. Simiti ni ngumu na haipumui. Maji yakikosa njia ya kutokea chini hupanda zaidi, na shura iliyokuwa magotini utaikuta kifuani mwaka ujao. Halafu plasta hiyo hubanduka vipande vizima na kung'oa chokaa ya zamani iliyo nyuma yake. Rangi ya mafuta ni ndugu yake simiti: inavimba malengelenge na kupasuka. Mkiona nyumba yenye mkanda wa simiti wa mita moja kuzunguka chumba chote, jueni ugonjwa ulifunikwa tu.

Dawa ni kazi ya kaskazi, si ya sasa. Kwa sasa sogezeni kabati na kitanda shibiri moja kutoka ukutani, msianike nguo ndani, na shura iondoeni kwa brashi kavu. Ukiiosha kwa maji unairudisha ilikotoka. Desemba ikiingia, zungumzeni na mwenye nyumba mbandue plasta iliyooza mpaka nusu mita juu ya alama ya unyevu, na ukuta uachwe wazi ukauke kwa wiki kadhaa. Kisha plasta ya chokaa: ndoo 1 ya chokaa iliyolowekwa kwa ndoo 3 za mchanga safi, si wa pwani. Chokaa ya mfuko iloweke angalau usiku kucha. Ile iliyokaa shimoni wiki nyingi ni bora zaidi, inalainika kama siagi. Tabaka moja lisizidi sentimita 1, likae mpaka ukucha usizame, ndipo lije la pili. Yafunikeni magunia mabichi siku tatu nne, kwani chokaa ikikaushwa na jua la kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba usio na paa, hupasuka nyufa za buibui. Umalizie kwa chokaa ya maji, nyepesi kama maziwa, mara tatu. Anayechanganya alinde macho, maana chokaa huunguza.

Jambo moja msilisahau: mji huu umo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001. Kabla ya kutoboa dirisha au kubomoa zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kwa ajili ya rafu ya televisheni, pitieni ofisi ya Makumbusho ya Taifa inayosimamia uhifadhi wa mji. Zidaka zile, kwa maoni yangu, ni rafu tosha.

Inueni macho juu. Dari imelala juu ya boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliofanya vyumba vyenu viwe vyembamba na virefu. Msimlaumu mjenzi, mkoko haukumpa zaidi. Boriti huoza kwanza pale inapoingia ukutani, pasipoonekana. Chukua kisu, choma taratibu karibu na ukuta. Kikizama kama kwenye mkate, mwite fundi siku hiyo hiyo na uhamishe kitanda. Vumbi laini kama unga linalodondoka sehemu moja kila asubuhi ni wadudu wa mbao. Kama dari imebonyea, vuta uzi wa fundi kutoka ukuta hadi ukuta, pima umbali wa katikati, andika na tarehe, upime tena baada ya mwezi. Iliyobonyea miaka 50 ikatulia haina neno. Inayoendelea kushuka ndiyo ya kuhama.

Wapo wanaopandisha tangi la lita 1,000 juu ya dari hizi. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo mmeweka tani nzima juu ya vijiti vya mkoko na chokaa. Tangi kubwa likae chini, kiwandani. Juu wekeni dogo, tena pale kuta mbili zinapokutana. Na kabla ya mvua yoyote, safisheni mlizamu, bomba la kutolea maji ya mvua darini. Jani moja la mkungu likiziba, maji hutuama darini, na dari ya chokaa hulewa maji kama sifongo.

Maji yenyewe yanataka hesabu, na wengi wenu hamkuifanya. Mtu mmoja kwa kuoga, kupika, kufua na choo ni lita 50 hivi kwa siku. Watu watano ni lita 250, yaani mitungi 12 na nusu ya lita 20. Tangi la lita 1,000 litawafikisha siku nne. Basi andikeni kwenye daftari mwezi mzima siku ambazo maji ya bomba yalitoka, saa ya kuanza na saa ya kukatika. Mkiona pengo refu kuliko siku nne, shida ni udogo wa tangi, na tangi hununuliwa. Maji matamu ya mji huu hutegemea mvua inayolala chini ya vilima vya mchanga wa Shela, kwa hiyo ukavu ukirefuka, kila mtaa unaona kiu, hata huko mnakotaka kuhamia.

Kisima cha ndani ya nyumba kitumieni kufua na kuogea. Mara nyingi shimo la choo li karibu nacho, na maji hayajui mpaka. Sabuni ikikataa kutoa povu, huenda bahari nayo imeingia. Ya kunywa yachemsheni mpaka yatokote kweli kweli.

Palipo na maji ya kuweka pana mbu. Chikungunya, homa ya maumivu ya viungo iletwayo na mbu, ilipoikumba Lamu mwaka 2004, ilikuwa wakati wa ukame na watu wameweka maji majumbani. Mbu aienezaye huuma mchana na hutaga mayai kwenye kingo za chombo, juu kidogo ya maji. Kumwaga maji hakutoshi. Sugua kingo kila wiki, kwani kutoka yai hadi mbu ni siku saba hadi kumi tu. Wazee walitia samaki wadogo kwenye birika la chooni ili wawale viluwiluwi wa mbu. Anayecheka jambo hilo ahesabu mbu wake kwanza.

Kelele nitazipita haraka. Punda hulia usiku, adhana ya alfajiri iko kabla ya jua kuchomoza, na mwisho wa Mfungo Sita, mwezi wa kuzaliwa Mtume, wageni wa Maulidi huijaza Langoni. Kiwanda ni kama faneli, sauti yote huingia kutoka juu. Msilale msana, ule ukumbi mrefu unaotazama kiwanda. Laleni ndani, chumba cha nyuma, na mtundike pazia zito kati ya chumba hicho na msana. Nyumba hizi zilipangwa hivyo tangu awali. Jipeni wiki sita, sikio litazoea. Lisipozoea, hilo ni la mtaa kweli, na hamna aibu kuondoka.

Sasa watu. Mnasema hamsalimiwi. Kwa adabu ya huku, apitaye humsalimu aliyeketi, na ajaye humsalimu mwenyeji. Nyinyi mnapita na simu sikioni, wazee wako barazani wanangoja, kila upande unauona mwingine una kiburi. Sabalkheri moja asubuhi, masalkheri moja jioni, na shikamoo kwa mwenye mvi. Baada ya mwezi mtaitwa kwa majina. Ziara ya kwanza huishia daka, ukumbi wa mlango wa nje. Kaeni pale pale kwenye baraza za mlango, msitarajie kuvushwa tekani, ukumbi wa ndani ya mlango. Hodi ni mara tatu, usipoitikiwa, rudi. Sahani ya jirani isirudi tupu, hata ndimu mbili zinatosha. Msiba ukitokea, maziko huwa siku hiyo hiyo, kwa hiyo msisubiri kualikwa. Asiye Mwislamu naye atembee nyuma ya jeneza na atie mchango wake. Huangaliwa kuwapo kwake. Siku hiyo moja hufanya kazi ya salamu za mwaka.

Ugomvi wa hapa una mizizi miwili, nayo ni maji machafu na macho. Mji umeinamia bahari. Ukimwaga beseni la kufulia kichochoroni, linapita mlango wa kila aliye chini yako. Peleka kwenye mfereji, tena si saa watu wanakwenda msikitini. La macho ni zito zaidi. Ukipanda juu ya dari unakiona kiwanda cha jirani, na kiwandani wanawake wako vichwa wazi. Piga hodi kwa sauti kabla ya kupanda, shuka upesi, na kamba ya nguo iwe chini ya ukingo wa ukuta. Kuna wageni waliochukiwa mtaa mzima kwa kuvuta sigara juu jioni, na mpaka leo hawajui kosa lao.

Yakishindikana, anzeni kwa mzee wa nyumba kumi, kisha chifu. Msianze na polisi kwa sababu ya mlizamu.

Karatasi zenu pia mzitazame. Nyumba nyingi hapa ni za mirathi, warithi ni wengi, na anayepokea kodi huenda ni mmoja wao tu. Nyingine ni wakfu. Ulizeni nani anatia sahihi na kwa niaba ya nani, na risiti iandikwe jina hilo. Mkilipa kwa simu, hifadhini ujumbe. Mita ya tokeni nayo ikaguliwe, kwani deni la mpangaji aliyetangulia linaweza kukatwa kwenye pesa zenu. Mkiona mnanunua nyingi na umeme mchache, kaulizeni kampuni ya umeme. Soketi iliyo kwenye ukuta wenye shura ikikutetemesha, zima swichi kuu umwite fundi mwenye leseni.

Nani aondoke sasa bila kungoja kaskazi? Mwenye boriti iliyooza na mwenye nyumba asiyetaka kusikia. Mwenye choo kinachofurika ndani kila mvua. Mwenye mtoto wa pumu katika chumba chenye ukungu kisicho na dirisha. Na mwenye kodi inayozidi theluthi ya mapato yake, kwa kuwa mtu huyo hata peponi atanung'unika. Waliobaki ngojeni, na mkiwa wawili, kila mmoja aandike peke yake mambo matatu yanayomuudhi, kisha mlinganishe. Mara nyingi mmoja ameandika ukuta, mwingine ameandika upweke, na mlikuwa mnagombana kana kwamba ni jambo moja.

Anayeondoka atoe ilani kwa maandishi. Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema kodi ya mwezi kwa mwezi, ilani yake ni mwezi. Piga picha za kila ukuta kabla ya kutoa kabati, soma mita mbele ya mwenye nyumba, dai dipoziti kabla ya kukabidhi ufunguo. Nyumba mpya ikagueni siku ya mvua, na muulize aliyekaa humo Mei iliyopita, si dalali. Mizigo ipakieni mashuani maji yakiwa yamejaa. Bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, ikikupwa mtabeba friji juu ya ngazi zenye mwani.

Wassalaam,
Mzee wenu wa mtaa, Mkomani, Lamu