Prodyuza chipukizi wa singeli hakwamishwi na kompyuta

Ndugu Mhariri,

Vijana wa Manzese, Tandale na Mburahati wanawabana wazazi wao wanunuliwe kompyuta za bei mbaya, eti bila hizo biti ya singeli haitoki. Si kweli. Kompyuta iliyotumika yenye RAM ya GB 8 na hedifoni za waya vinatosha kuanzia.

Anayeanza hukwamia kwenye besi. Biti ikienda BPM 220, yaani mapigo 220 kwa dakika, kutoka pigo hadi pigo ni milisekunde 273 tu. Mdundo wa besi aliopakua mtandaoni, uliotengenezewa nyimbo za BPM 120, unaweza kuwa na mkia wa milisekunde 400. Mkia unalipanda pigo linalofuata, taa nyekundu ya sauti iliyozidi inawaka kwenye programu, na kwenye spika za kigodoro inasikika ngurumo tupu. Kijana anaongeza sauti, basi ndiyo anaharibu kabisa! Akate mkia ubaki milisekunde 120 hadi 150, aondoe masafa ya sauti yaliyo chini ya hezi 30, yanayoila amplifaya bure, na kilele cha sauti kiishie desibeli 6 chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha programu. Kisha asikilize kwa mono, yaani kulia na kushoto zikiunganishwa kuwa sauti moja, maana spika za shughuli mara nyingi huungwa hivyo, na kinanda kilichotanuliwa mno kulia na kushoto huweza kumezwa.

Vipande vya taarabu navyo vina hesabu yake. Cha BPM 110 kikikimbizwa hadi 220 bila kurekebisha kimo cha sauti, kinapanda oktavu kamili, yaani noti zilezile kwa sauti ya juu zaidi, na bado kinaelewana na kinanda. Kikikimbizwa hadi 200 kinaangukia katikati ya noti mbili. Hapo utasikia watu wanasema biti "imepinda" bila kujua kwa nini.

Na taarabu ina wenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haiangalii umekata sekunde ngapi. Ruhusa iombwe kabla wimbo haujaanza kuingiza hela, au kijana atunge kinanda chake mwenyewe, jambo ambalo sisi tunalipenda zaidi.

Mzazi akishakubali kununua mashine ya mtumba, akague betri kabla ya kutoa pesa. Achomoe chaja, programu ya muziki ikiwa wazi, asubiri nusu saa. Ikizima kabla ya hapo, umeme wa mtaani ukikatika kazi ya usiku kucha isiyohifadhiwa inakwenda nayo.

Ni sisi watengeneza biti,
Manzese, Dar es Salaam