Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Wilaya ya Bagamoyo Kuhusu Ziara Katika Maeneo ya Ibada

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia kuhusu namna wageni wanavyoongozwa katika maeneo ya ibada ya Bagamoyo, ambako Waislamu na Wakristo huja kuomba na watalii huja kutazama, mara nyingi saa ile ile na mahali pale pale.

Huko Kaole, kwenye magofu ya mji wa kale karibu na Bagamoyo, mbele ya kaburi ambalo wenyeji hulijua kuwa ni la Sharifa, yaani mwanamke wa ukoo wa Mtume, nilimkuta mama mmoja ameketi mkekani, chetezo kikifuka ubani, akisoma dua ya nadhiri yake. Kundi la watalii likafika likamzunguka, wengine wakampiga picha bila hata kumsalimu, na kijana mmoja akapanda juu ya kaburi la jirani apate kuona vizuri, ilhali mwongozaji wao hakusema neno. Makaburi hayo yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa karne nyingi zilizopita, na yanamomonyoka hata kwa kuegemewa tu. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba yule mama alikunja mkeka wake akaondoka kabla hajamaliza dua.

Kwenye Misheni ya Kikatoliki ya Bagamoyo, iliyoanzishwa mwaka 1868 na mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, hali ni afadhali, kwa sababu makumbusho ina jengo lake na groto (pango la sala) ya Bikira Maria ina nafasi yake.

Masimulizi nayo yana upungufu. Wageni huelezwa kwa kirefu jinsi Chuma na Susi, watumishi wa mmisionari na mvumbuzi Mskoti David Livingstone, walivyoufikisha hapa mwili wake Februari 1874, na ni haki yao kuelezwa. Ila Sheikh Ramiya, aliyeletwa pwani akiwa mtumwa kutoka Manyema, mashariki ya Kongo, akainuka kuwa kiongozi mkubwa wa Qadiriyya, tarika (njia) ya Kisufi ya Kiislamu, hadi alipofariki mwaka 1931, mara nyingi hatajwi kabisa. Mgeni asiyezijua habari zake atajuaje kwa nini watu huzuru kaburi lake, au kwa nini yeye mwenyewe anyamaze na kuvua viatu?

Sisemi watalii wazuiwe, kwa maana mji huu unawahitaji. Ninachoomba ni kwamba uwaite pamoja masheikh, mapadri, wazee wa Kaole na waongoza watalii, wakubaliane kwamba saa za asubuhi pale kaburini waachiwe wenye dua, kwamba mtu asipigwe picha bila ridhaa yake, na kwamba siku za ziara na za hija zitangazwe mapema ili misafara ya watalii ipangwe kwa kuzizingatia. Kabla kikao hicho hakijaitwa, hata kibao kimoja langoni Kaole, kwa Kiswahili na kwa lugha za wageni, kinachoeleza kwamba hapa watu wangali wakiomba, kinaweza kuwekwa wiki hii.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwananchi, mzuru wa Bagamoyo