Barua kwa Ndeshi: mfongo wetu na karatasi ya Törbel

Visp, Jumapili jioni

Ndeshi mwenzangu,

Shimbonyi! Habari za Marangu, habari za mama, na Baraka mguu umepona? Mimi mzima, ni baridi tu ndiyo imeshaanza kunitafuta. Salamu za Teddy atakupa mwenyewe, anasema simu yako ikiita haipokelewi. Haya, salamu zimetosha, maana najua hukunitafuta kwa ajili ya salamu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza kwenye basi, watu wakawa wananigeukia jinsi nilivyokuwa nacheka. Yaani kikao kimekaa tangu saa nne asubuhi mpaka giza linaingia kwa sababu ya pampu ya mtu mmoja, yule mgeni aliyenunua shamba na sasa anavuta maji ya mfongo, mfereji wetu wa pamoja wa kumwagilia? Na Mzee Ngowi akasimama mbele ya watu akasema, hata Wazungu wana mifongo yao, muulizeni binti wa Aminieli aliyeko Uswisi? Nimekoma. Lakini ujue mzee kasema kweli kuliko anavyojua mwenyewe. Kijiji cha kukupa ninacho, tena kiko juu ya kichwa changu hapa nilipokaa.

Kinaitwa Törbel. Kutoka hapa Visp unapanda basi la njano la posta, linapita Stalden pale mito miwili inapokutana, halafu linaanza kona. Kona juu ya kona, mpaka unajuta kwa nini ulikunywa chai. Kijiji kimekaa kama mita 1,500 juu ya bahari, kwenye mteremko mkali unaotazama jua, watu wake ni kama mia tano hivi. Nyumba za mbao zimeungua kwa jua mpaka zimekuwa nyeusi, mapaa ya mawe, kanisa jeupe katikati. Maghala yao ya nafaka yamenyanyuliwa juu ya miguu, na kila mguu umewekewa jiwe bapa la mviringo juu yake ili panya akipanda agonge kichwa arudi alikotoka. Hilo jiwe mwambie baba yako, na yule fundi wake anayejifanya amevumbua kila kitu.

Sasa ardhi yake. Eneo la kijiji linaanzia chini mtoni, chini ya mita 800, linapanda mpaka kwenye vilele vya karibu mita 3,000. Chini kulikuwa na mizabibu, juu yake mashamba ya rai, nafaka ya kuokea mkate mweusi, halafu malisho ya kukata majani na kuyakausha yawe akiba ya ng'ombe wakati wa baridi, halafu msitu, halafu juu kabisa nyanda za malisho za kiangazi. Kila familia ilikuwa na vipande vyake huku na huku kwenye kila ngazi. Wewe huhitaji kuelezwa, una kihamba cha migomba juu nyumbani na shamba la mahindi kule chini porini. Na baba akifa watoto wote wanagawana, wa kike kwa wa kiume, mpaka mtu anamiliki ghorofa moja ya nyumba, au sehemu tu ya ghala. Ugomvi wa mipaka uliokuwepo huko nakuachia uuwaze.

Kitu ambacho hakuna aniaminiye nikisema huko nyumbani ni kwamba hapa ni pakavu. Mkisikia Uswisi mnaona majani mabichi na maziwa. Bonde hili limezungukwa na milima inayozuia mvua kila upande, ni kati ya sehemu kavu kabisa za nchi hii. Bila kuvuta maji hupati majani, bila majani huna ng'ombe wakati wa baridi, basi. Kwa hiyo wazee wa zamani wakachimba mifongo kutoka kwenye bonde la Augstbord, maji ya theluji inayoyeyuka, yakaletwa kwa kuzungusha mlima mpaka mashambani. Mahali pengine kwenye jimbo hili la Valais mifongo imepitishwa kwenye majabali kwa magogo yaliyochongwa, mtu anatembea juu ya ubao na chini ni shimo tu. Zamu ni kwa saa. Haki ya kila mtu ilichongwa kwenye vijiti vya mbao, alama kwa alama, hakuna wa kusema karatasi imeliwa na mchwa. Mwezi Desemba 2023 UNESCO wameuandika umwagiliaji huu wa jadi kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika, Uswisi pamoja na nchi nyingine sita za Ulaya.

Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi tuna mzee mmoja wa Törbel. Jina la bintiye linampotea siku nyingine, lakini usiku anaamka anadai viatu, anasema zamu yake ya maji imefika na jirani atamwibia. Mara ya kwanza wenzangu walitaka kumpa dawa ya usingizi. Mimi nikamuuliza, maji yanaingilia upande gani? Tukaongea mpaka akalala. Tangu hapo mimi ndiye naitwa.

Haya, turudi kwenye pampu.

Tarehe 1 Februari 1483 watu wa Törbel walikaa wakaandika mkataba wa kusimamia malisho ya juu, msitu na ardhi isiyo ya mtu. Hapo ndipo penye jibu la Mzee Ngowi: mgeni akinunua ardhi kijijini, kununua huko hakumpi haki yoyote kwenye malisho ya pamoja, wala ruhusa ya kukata mti. Ardhi ni ardhi, haki ya pamoja ni kitu kingine. Kuingizwa au kutoingizwa kwenye haki hiyo kutaamuliwa na wanakijiji wenyewe. Umesikia? Mwaka 1483! Yule bwana wa pampu anakuja na hati yake ya kununua kihamba, anadhani mfongo umo ndani ya bei.

Ila Ndeshi, nakuomba usikimbilie kusoma kipande hicho tu kikaoni, maana najua utashangiliwa na mambo yataharibika. Kilichokifanya kijiji kidumu mimi naona ni kanuni nyingine, ya mwaka 1517. Inasema mtu haruhusiwi kupeleka malishoni kiangazi ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha wakati wa baridi. Fikiria ujanja uliomo. Tajiri hawezi kununua ng'ombe hamsini mwezi wa tano, akawanenepesha kwa majani ya wote, akauza mwezi wa tisa. Kipimo chako ni majani uliyokata na kukausha mwenyewe kwenye shamba lako, na kila jirani anayaona ghalani. Mkubwa na mdogo wanapimwa kwa kitu kimoja. Hakuna aliyetukanwa kwa kuitwa mgeni, hakuna aliyefukuzwa, hesabu tu.

Halafu kazi. Kutengeneza njia, kusambaza samadi, kujenga upya kilichobomolewa na theluji, siku za kazi zilipangwa kulingana na ng'ombe uliopeleka. Mwenye ng'ombe wengi ana siku nyingi. Mwishoni mwa kiangazi jibini inagawiwa kulingana na maziwa ya ng'ombe wako. Kuni nazo, wanaweka alama kwenye miti, wanakata pamoja, wanapanga mafungu yaliyo sawa, ndipo wanapiga kura kila fungu limwendee nani. Kwa kuwa hujui lipi litakuwa lako, utayapanga sawa, utake usitake. Na msimamizi aliyemkamata mvunjaji alichukua nusu ya faini. Hapo nilicheka peke yangu nikimkumbuka Kimaro na faini zake za mbege, eti nusu ya debe inaishia wapi. Kumbe ni utaratibu wa kimataifa!

Hayo si maneno yangu wala ya mzee wangu wa usiku. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuja hapo Mmarekani, Robert Netting, ambaye kabla ya hapo alikuwa amekaa na wakulima Wakofyar wa Nigeria. Umeona safari hiyo? Ametoka Afrika kuja kuwachunguza Wazungu, wanakula nini, wanaoa lini, nani amerithi nini. Kwa mara moja na wao wameonja kuchunguzwa. Baadaye Profesa Elinor Ostrom akaichukua Törbel kuwa mfano wake mmojawapo, kwamba watu wanaweza kutunza mali ya pamoja bila serikali kuwashika mkono na bila kuigawa vipande vya binafsi. Mwaka 2009 akapata Nobel ya uchumi, mwanamke wa kwanza kuipata. Yule Mwalimu wetu wa jiografia aliyekuwa akisema cha wote hakina mwenyewe, natamani asome.

Lakini sasa nikueleze na upande ambao hawaupigi picha. Mlango uliofungwa kwa mgeni ulifungwa na kwa wa ndani. Ardhi haiongezeki, wageni hawaingii, kwa hiyo watu walioana wamechelewa, na wengi hawakuoa wala kuolewa kabisa, shangazi na mjomba wanazeekea kwenye nyumba ya kaka. Wengine waliondoka moja kwa moja. Na kanuni haikukizuia kijiji kupungukiwa na kazi. Kiwanda cha Lonza kilipojengwa hapa Visp, wanaume wakawa wanashuka kwa zamu, wanarudi jioni kukata majani. Kiwanda hichohicho ndicho kilichokuja kutengeneza kiini cha chanjo ya korona ya Moderna. Rai haina tena mtu wa kuilima, ukiwa kwenye basi unaona ngazi za mashamba ya zamani zimefunikwa na majani. Kanuni zipo, wa kugombania wamepungua. Natamani kumwambia Mzee Ngowi hivyo, lakini wewe ndiye utakayejua namna ya kumwambia.

Na kuna jingine, hili ni lako wewe katibu. Hao waliokaa mwaka 1483 na 1517 walikuwa wanaume. Ukipita juu ya Törbel, ukavuka Moosalp ukashukia Bürchen, kijiji kinachofuata kinaitwa Unterbäch. Tarehe 3 Machi 1957 wanawake 33 wa Unterbäch walikwenda kupiga kura ya nchi nzima wakati sheria haiwaruhusu. Wa kwanza kutumbukiza karatasi alikuwa Katharina Zenhäusern. Kura zao hazikuhesabiwa. Wanawake wa Uswisi wamepata kura ya taifa mwaka 1971! Bibi yako na bibi yangu walishapiga kura ya Tanganyika huru, wenzetu huku bado wanasubiri waume zao warudi kutoka kituo cha kura. Kwa hiyo wakikuambia kikaoni kwamba tangu enzi mwanamke hazungumzii mfongo, usitumie mfano wa Uswisi, utakugeukia. Au uutumie wote.

Mimi ningekushauri hivi, ingawa najua ushauri wa mbali ni rahisi. Msianze na neno mgeni. Anzeni na kipimo. Pampu ile inavuta kiasi gani, na bwana huyo ameleta majembe mangapi siku ya kuzibua? Kama anataka maji ya heka tatu, alete siku za kazi za heka tatu, na yeye mwenyewe aonekane, asitume kijana wa bodaboda na elfu kumi. Akikubali, mmepata mtu mwenye gari la kubebea mawe. Akikataa, amejitoa mwenyewe na hakuna wa kusema ni wivu.

Nimeandika hivyo nikasimama, maana kipimo hicho kikipita, kinanipata na mimi. Mara ya mwisho nimeshika jembe kwenye mfongo ilikuwa kabla ya kuondoka. Natuma hela, kaka anatafuta mtu. Mzee Ngowi nilishamsikia akisema hela haizibui mfongo. Kihamba cha mama kina zamu ya Alhamisi tangu kwa babu, na kama kanuni ni ya mikono... sijui, Ndeshi. Kwa Törbel ya 1517 mimi ningekuwa mtu mwenye ng'ombe asiye na majani. Lakini usinitetee kikaoni. Kama mtapitisha, pitisheni kwa wote.

Sasa nijibu, tena usinitumie sauti ya nusu dakika. Kikao cha pili ni Jumamosi hii au ile nyingine? Mwenyekiti yuko upande gani, au bado anakaa katikati kama kawaida yake? Nduwa ya kukusanyia maji imezibuliwa, au watu wanagombania maji yanayovujia njiani? Kamati ina wanawake wangapi ukiacha wewe? Huyo bwana wa pampu ana mke, na umeshaongea naye, maana pengine mlango uko huko? Zamu ya Alhamisi ya mama kaka anaitumia kweli, au ameshamkodisha mtu na mimi ndiye wa mwisho kujua? Na Kimaro, ile nusu ya debe, mlimuuliza?

Msalimie mama, mwambie viatu vya joto vinakuja na Teddy mwezi wa kumi na mbili.

Wako,
Aikande

Nimesahau: nipigie picha ya mfongo pale juu ya daraja, na pampu ionekane vizuri. Mzee wangu nimemsimulia kesi yenu yote, na ameshaamua kwamba huyo bwana atozwe faini. Anataka kujua ni nani atakayechukua nusu.