Kila mfereji utengewe jaruba lake

Ndugu Mhariri,

Assalaam aleikum. Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mifereji ya mabonde ya mpunga, hasa ya kwetu Pemba. Nina ombi moja ambalo naamini linaweza kutekelezwa kabla ya masika yajayo, bila kusubiri mkopo wala mfadhili.

Serikali imetia fedha nyingi mabondeni. Kwa mkopo wa Benki ya Exim ya Korea yamejengewa miundombinu mabonde ya Cheju, Kilombero, Chaani, Kinyasini na Kibokwa kule Unguja, na Makwararani na Mlemele huku kwetu. Yako na mabonde mengine yenye mifereji ya zamani, mingi yake ya udongo mtupu. Tunashukuru kwa dhati. Mkulima mwenye maji ya mfereji anaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka, na mwenzake wa mpunga wa mvua akivuna mara moja anamshukuru Mungu. Lakini mfereji ukishakabidhiwa, nani anaufukua tope? Swali hilo nimelisikia kila bonde nililofika, na kila mmoja anamtazama mwenzake.

Anayetaka kuelewa atembee juu ya ukingo kutoka kwenye banio, pale maji yanapozuiwa ili yaingie mferejini, mpaka mkiani, mwisho wa mfereji. Juu kule maji ni mengi na majaruba, vile vipande vya shamba la mpunga vilivyozungushiwa kingo, yamejaa. Ukishuka kidogo unafika kwenye geti la kugawia maji: gurudumu lake limeganda kwa kutu, mlango haupandi wala haushuki, na pembeni wakulima wametobolea njia yao wenyewe na kuiziba kwa magunia ya mchanga na magogo ya migomba. Mbele yake ukingo umepandwa majimbi. Majimbi yanastawi sana pale kwa sababu ya unyevu, na anayeyapanda ana shida zake, lakini kila anapochimbua jimbi moja anaondoka na kipande cha ukingo. Kaa nao wanatoboa, ng'ombe wanashuka kunywa palepale, na mvua kubwa ya kwanza ikija ule udongo wote unaingia mferejini.

Udongo ukishaingia hautoki wenyewe. Maji yakipungua kasi huuacha chini, tope likipanda nyasi hushika mizizi, na nyasi zikisimama maji huzidi kupungua kasi. Ndiyo maana mfereji ulioachwa misimu michache huharibika kwa haraka kuliko watu walivyotarajia, na kazi ambayo ingemalizwa kwa majembe na makoleo sasa inahitaji kijiko cha mashine.

Mimi jaruba langu liko mkiani. Tunaolima huko wengi wetu ni kina mama. Mpunga hauna wakati unaohitaji maji kama unapochanua, na ni wakati huohuo ambao kila mtu wa juu anayazuia yake. Msimu mmoja mpunga wangu wa mbegu ya Supa BC ulitoa mashuke meupe, mapepe matupu, na hali banioni maji yalikuwa yanamwagika. Tulikwenda kwenye ofisi inayohusika tukaambiwa fungu la matengenezo halijaingia. Ofisi nyingine ikatuambia mfereji sasa ni wa jumuiya yetu ya wakulima, tujipange.

Kuna na afya, ambayo haizungumzwi sana mabondeni. Kichocho cha visiwani kwetu ni kile cha mkojo, na konokono wanaokibeba hupenda maji yaliyotulia yenye nyasi. Mtoto anakojolea mferejini, vijidudu vinaingia kwa konokono, vinatoka na kuingia kwenye ngozi ya anayeoga, anayefua au anayepandikiza. Watoto wamekuwa wakipewa dawa skuli na jamii ikipewa majumbani, na kazi hiyo imepunguza maradhi kwa kiasi kikubwa. Lakini vidonge vinaua minyoo iliyomo mwilini, havimkingi mtoto anayerudi kuoga mferejini wiki ijayo. Mfereji unaofyekwa na kufukuliwa, maji yake yakapita kwa kasi, konokono hawastarehe ndani yake. Kwa hivyo fedha ya kufukua mfereji ni fedha ya afya pia, na nashangaa kwamba sekta mbili hizi hazikai pamoja kwa jambo hili.

Tumejaribu kujitolea. Sheha anatangaza, msikitini inatangazwa, siku ikifika wanakuja wa mkiani na wachache wa katikati. Wa juu hawaji. Sisemi ni watu wabaya. Kwao maji yanafika hata mfereji ukijaa tope, kwa hivyo hawaoni kinachowatoa majumbani na majembe. Tumejaribu michango baada ya mavuno pia. Mwaka wa mpunga mzuri inapatikana, mwaka mbaya haipatikani, na mwaka mbaya ndipo mfereji unapohitaji fedha zaidi. Halafu daftari linakaa nyumbani kwa mtu mmoja, na maneno yanaanza.

Wengi wetu visiwani tuna ndugu na jamaa Oman, na waliofika huko wameona falaj, mifereji ya kale inayotoa maji chini ya ardhi na milimani na kuyapeleka mitendeni. Mwaka 2006 UNESCO iliziingiza tano kati yake katika Urithi wa Dunia, na nyingine nyingi zinatiririka mpaka leo. Maji yake yanagawiwa kwa muda. Kipimo kimoja, wanachokiita athar, ni kama nusu saa, na zamani kilisomwa kwa kivuli cha mti mchana na kwa nyota usiku. Kuna wakili anayesimamia falaj na kuna arifu anayeangalia zamu. Ambalo sisi tumelikosa ni hili: sehemu ya maji ni mali ya falaj yenyewe. Zamu hizo zinanadiwa, anayezinunua analipa, na fedha zinafanya matengenezo na kuwalipa wanaofanya kazi. Falaj haimpigii mtu hodi kuomba mchango.

Ombi langu linatokana na hapo. Kila mfereji wa bonde utengewe jaruba lake, au majaruba mawili matatu kulingana na ukubwa wa bonde, na mavuno yake yawe ya mfereji. Yamlipe mgavi maji mmoja anayejulikana, mwenye zamu zilizoandikwa na funguo za mageti, na yanunue makoleo na grisi ya yale magurudumu. Watu wetu wanaijua wakfu, hili halitawashangaza.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni mahali pa jaruba hilo. Liwe mkiani kabisa, la mwisho kupata maji. Mgavi maji ambaye mshahara wake unatoka kwenye jaruba la mwisho hatalala na tope katikati ya mfereji, wala hatakubali mtu wa juu azuie maji usiku, kwa sababu chakula chake kiko chini kule pamoja na chetu. Likiwekwa juu karibu na banio, atavuna hata kama sisi tumekauka, na tutakuwa tumemwajiri mtu wa kuangalia majaruba ya wenye nafasi.

Nitaulizwa jaruba litatoka wapi, na nani atanyang'anywa. Asinyang'anywe mtu. Nendeni mkiani mkaone majaruba yaliyoachwa, yameota ndago na matete kwa kuwa maji hayafiki. Ardhi ni mali ya umma, kwa hivyo mwenye uwezo wa kuyatenga ni serikali, kwa maandishi, ili asije mtu kesho akadai kuwa aliyakuta.

Mpunga wa jaruba hilo upimwe palepale bondeni, mbele ya wakulima, na hesabu isomwe siku hiyohiyo. Kamati iwe na watu wa mkiani wasiopungua nusu, na kina mama wawemo kwa idadi inayolingana na tunavyolima.

Hii haiiondolei Wizara ya Kilimo mzigo wake. Jaruba halitanunua geti jipya, halitajenga banio wala kuziba zege lililopasuka, na pale maji yanapovutwa kwa pampu halitalipa umeme wa bonde zima. Hayo ni ya serikali, na yawe na fungu lake kila mwaka kabla ya kufikiria kuchimba mifereji mipya. Sisi tuachiwe tope, nyasi, kingo na zamu, lakini tupewe na cha kufanyia kazi hiyo.

Nawaomba wahusika waanze na bonde moja Pemba na moja Unguja, kabla matrekta hayajashuka kuburuga. Majaruba yaliyo wazi mkiani kwetu tuko tayari kuwaonesha siku yoyote watakayokuja.

Ahsante.

Mkulima wa mpunga,
Mkoa wa Kusini Pemba