Shangazi, tusiulize El Niño peke yake

Shangazi, shikamoo. Natumaini mbuzi wazima na goti limepunguza maumivu.

Swali lako la kwenye simu nimeona nilijibu hapa hadharani, maana najua huko tambarare ya Makanya si wewe peke yako unayeliuliza: "Mwaka huu El Niño ipo au haipo?" Vuli ikikaribia, watu hulitumia swali hilo kuamua nani apande na nani auze mifugo mapema. El Niño ni maji ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida, na mimi naona hiyo ni nusu tu ya swali. Nusu ya pili, ambayo kwa mkulima wa vuli ndiyo kubwa, haiko Pasifiki. Iko Bahari ya Hindi.

Tuanze na unachokiona mwenyewe. Mwezi wa saba ukisimama uani ukatazama mlimani, Shengena inashinda imefunikwa na mawingu, huku kwako jua kali na vumbi linatimka. Upepo ni ule ule mmoja. Umetoka baharini na mvuke wake, ukakutana na milima ya Upare, na hapo hauna njia ila kupanda. Hewa ikipanda hupoa, mvuke unageuka matone, na watu wa Chome wanashinda kwenye ukungu na manyunyu. Ikishavuka kilele na kuanza kuteremka upande wako, maji mengi imeshayaacha kule juu. Tena hewa kavu ikishuka mita 1,000 hupata joto la karibu nyuzi 10 zaidi. Kwa hiyo kinachokufikia ni upepo mkavu wenye joto, unaokausha nguo kambani na unyevu wa shamba kwa pamoja. Amani, kule Usambara Mashariki, hupata kama milimita 1,900 za mvua kwa mwaka. Makanya wakipata 600 wanashukuru.

Lakini mlima hauelezi yote, kwa sababu hata Mombasa na Lamu, ambako hakuna mlima wa kuuzuia, kusi, yaani upepo huo huo, hupita miezi hiyo na kuacha mvua kidogo tu. Mvuke wake uko safarini. Nyanda za juu za Afrika Mashariki zinausimamia upepo huo kama ukuta, nao unavuka ikweta kandokando yake, unapinda mbele ya pwani ya Somalia na kukimbilia India. Mtaalamu wa hali ya hewa Findlater, aliyeuchunguza na kuandika juu yake mwaka 1969, alionyesha kwamba ni mkondo mwembamba wa hewa wenye kasi kubwa, kama kilomita moja na nusu tu juu ya ardhi. Mvua kubwa za India za Juni hadi Septemba hutegemea maji yanayopita mbele yetu hivyo.

Sasa vuli. Kuanzia Oktoba, Ukanda Mvua, ule mshipi wa mawingu ya mvua unaozunguka dunia karibu na ikweta, unalifuata jua kuelekea kusini na kutupitia. Je, utatupitia umeshiba au na njaa? Hapo ndipo bahari inapoamua. Kwa kawaida maji ya upande wa Indonesia ndiyo yenye joto zaidi. Hewa hupanda huko, mvua hunyesha huko huko, kisha hewa hiyo husafiri angani kuja kwetu na kushuka juu ya Afrika Mashariki. Hewa inayoshuka huzuia mawingu yasikue. Hiyo ni sababu mojawapo ya sisi tulio karibu na ikweta kuwa na nchi kavu namna hii, wakati Kongo na Indonesia wana misitu minene.

Miaka mingine mambo hugeuka. Maji ya upande wetu yanapata joto kuliko kawaida na ya Sumatra yanapoa. Upepo kutoka mashariki unaleta mvuke huku, na zamu hii hewa ya kwetu ndiyo inayopanda. Kisha mvuke unapogeuka maji, lile joto lililoutoa baharini linaachiwa ndani ya wingu, linaipasha hewa na kuisukuma juu zaidi, hadi wingu linafika kilomita 15 na hata kupita. Wanasayansi Saji, Yamagata na wenzao waliieleza hali hii mwaka 1999, nayo inaitwa dipoli ya Bahari ya Hindi.

Angalia miaka yenyewe, Shangazi. Mwishoni mwa 1961, mwaka wa Uhuru, mvua ilinyesha hata Ziwa Victoria likaanza kupanda, na kufikia 1964 lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2. El Niño haikuwepo. Mwaka 2019 Pasifiki ilikuwa imetulia, lakini dipoli ilikuwa na nguvu kupita kiasi: Oktoba mafuriko yaliua watu Handeni, na Mei 2020 Ziwa Victoria likafikia kina ambacho hadi wakati huo hakikuwa kimewahi kupimwa. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa kubwa kama ya 1997, ila vuli yake haikuikaribia ile ya 1997. Zikija zote mbili kwa pamoja, kama 1997 na tena 2023, ndipo pa kuogopa. Maporomoko ya Katesh ya tarehe 3 Desemba 2023 hatujayasahau. Na 2022 ilikuwa kinyume chake, La Niña (Pasifiki ikipoa) huku na dipoli hasi (maji ya upande wetu yakipoa na ya Sumatra yakipata joto) huku, nasi tunajua mifugo iliyokufa Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia.

Masika hayafuati bahari kwa utiifu huo, kwa hiyo haya usiyapeleke Machi. Ni ya vuli.

Ninachokuomba ni hiki. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa utabiri wa vuli, usiridhike na "juu ya wastani" au "chini ya wastani" peke yake. Sikiliza sehemu ya joto la bahari. Ukisikia maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yana joto kuliko kawaida na ya mashariki yamepoa, usiuze mbuzi kwa hofu. Wahimize wenzako wazibue mifereji na kutoa tope kwenye ndiva, yale mabwawa yetu ya kuhifadhi maji, kabla ya Oktoba, na zile banda zilizo karibu na korongo zihamishwe. Ukisikia kinyume chake, mahindi yapungue, mtama na fiwi viongezeke, hata kama redioni hawakutaja La Niña.

Utabiri ukitoka nitakupigia siku hiyo hiyo tuhesabu ekari pamoja. Mbegu ya fiwi usiiuze kwanza.

Mwanao, Dar es Salaam