Acheni wanafunzi waigize historia ya askari wanawake

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lako kwa miaka 18 na sijawahi kukuandikia. Lakini ile taarifa yenu kuhusu wanafunzi wanaojifunza historia kwa maigizo shirikishi ya askari wanawake imeninyima usingizi, hasa pale ofisa mmoja alipoyaita michezo ya kupotezea muda.

Haya si maigizo ya siku ya wazazi. Ni mbinu iliyoenezwa na Augusto Boal wa Brazil. Onyesho likifika penye njia panda, mtazamaji yeyote hupaza sauti "Simamisha!", waigizaji huganda, naye huingia kuchukua nafasi ya mhusika na kujaribu uamuzi wake mwenyewe. Kisha darasa zima huulizwa: je, wakati ule jambo hilo lingewezekana?

Muhula uliopita tulimleta Deborah Sampson darasani. Mwaka 1782, Wamarekani wakipigania uhuru wao kutoka kwa Waingereza, alivaa nguo za kiume na kujiandikisha jeshini kwa jina la Robert Shurtliff. Inasimuliwa kwamba alipopigwa risasi pajani alimwogopa daktari kuliko jeraha lenyewe, maana daktari angeigundua siri yake. Hapo ndipo msichana mmoja, ambaye mwaka mzima hakuwahi kuinua mkono, alipopaza sauti: "Simamisha!" Akaketi sakafuni, akashika paja, akasema kwa daktari haendi. Mvulana aliyeigiza daktari akambembeleza. Darasa likagawanyika: hawa wanasema atakufa, wale wanauliza akifukuzwa jeshini atakula nini. Mmoja akataka kujua kama mwanamke angelipwa chochote siri ikijulikana. Mhariri, swali hilo nimelisubiri tangu nianze kufundisha! Nilikuwa ndiyo kwanza nafungua kinywa kuwaambia kwamba aliingizwa katika orodha ya pensheni mwaka 1805, zaidi ya miaka 20 baada ya kuondoka jeshini, mara mlango ukafunguliwa. Mkubwa wangu wa kazi akauliza kelele ni za nini, akaamuru madawati yarudishwe kwenye mistari, na mbele ya wanafunzi hao hao akaniambia niandike notisi ubaoni. Msichana yule alirudi kwenye kiti chake. Tangu siku hiyo hajainua mkono tena.

Notisi zenyewe zina majemadari, mikataba na tarehe. Milunka Savić wa Serbia hayumo. Aliingia vitani kama mwanamume, akagunduliwa alipojeruhiwa mwaka 1913, akarudi kupigana katika Vita Kuu ya Kwanza, akatunukiwa nishani na nchi kadhaa, kisha akaishia kuwa mfanya usafi wa benki mjini Belgrade. Marubani wanawake wa Umoja wa Kisovieti, waliowashambulia Wajerumani usiku kwa ndege za mbao na turubai, hawamo. Muthoni wa Kirima, aliyeingia msituni na Mau Mau nchini Kenya na kupanda hadi cheo cha Field Marshal, naye hayumo.

Na kumbi nazo! Shule inajenga ukumbi wenye jukwaa, halafu inaufanya stoo ya madawati mabovu na kuufunga kwa kufuli ambalo funguo zake hakuna anayejua ziko wapi. Ndiyo maana tunaigizia darasani na kuwasumbua majirani, kisha tunalaumiwa kwa kelele.

Ninachoomba ni vipindi viwili vilivyounganishwa, mara moja kila muhula, na ukumbi ufunguliwe. Na kila anayetunga mtihani wa historia, kabla hajaandika swali hata moja, aketi sakafuni pamoja na wanafunzi katika onyesho kama hilo, naye asimame aseme: angekwenda kwa daktari au asingekwenda? Nimeshalitenga Jumanne ya kwanza ya muhula ujao, na mhusika atakuwa Milunka. Ukimtuma mwandishi wako, amwachie nafasi yule msichana aongee kwanza.

Mwalimu wa historia