Pimbi wamechukua jiwe lako

Luchelele, Mwanza
Aprili

Mwanangu,

Mwangaluka. Picha zako zimefika, na mama yako amezionyesha mpaka kwa muuza dagaa. Yale maua ya njano tumeyapenda. Kindi ndiye aliyezua ubishi: mama yako anasema ni panya aliyejaliwa mkia. Nikamweleza kwamba huyo wa kijivu hata si mwenyeji wa Uingereza, aliletwa kutoka Marekani karne ya 19, wa asili ni yule mwekundu. Akanijibu, "Kumbe na panya anapewa viza."

Umeuliza kama hapa nyumbani tuna kindi, na kama sisi nasi tuna msimu wa maua. Nimekaa wiki nzima nyuma ya jiko nikichungulia. Mstaafu ana haraka ya nini?

Kindi sijamwona. Tuna pimbi. Lile jiwe kubwa ulilokuwa unasomea ukiwa kidato cha nne wamelitwaa. Saa moja asubuhi, jua likishaligusa, wanatoka kwenye nyufa na kujilaza kifudifudi, wakubwa kwa watoto, kama sato walioanikwa. Mwili wa pimbi hauwezi kutunza joto vizuri, kwa hiyo lazima aote jua kwanza ndipo aende kutafuta chakula. Na chakula chenyewe ni bustani ya mama yako. Matembele yaliisha Jumanne. Mama anataka mtego. Mimi nikaenda mwaloni nikanunua wavu chakavu, nikauzungushia tuta zima. Wanapita chini yake. Mmoja hubaki juu kabisa kulinda, na akipiga yowe wote wanatumbukia kwenye nyufa kabla mimi sijainua shingo kumtafuta mwewe.

Unaikumbuka ile michirizi myeupe ubavuni mwa jiwe, uliyodhani mafundi walimwaga chokaa? Ni mkojo wao. Wanakojoa palepale miaka nenda rudi, ukikauka unaacha ukoko mweupe. Na wewe ulikuwa unaegemeza daftari pale! Halafu kaka yako uliyekuwa ukimwita pimbi, sasa naona ulikuwa unamsifia.

Kwenye mjohoro wa getini wamehamia kwera, wale wa njano wenye kichwa cheusi. Kelele zao nilitaka kuzimaliza kwa panga, mama yako akanizuia, nami namshukuru. Dume anasuka nyumba kwa majani mabichi, mlango chini, kisha ananing'inia hapo akipigapiga mabawa kuita majike. Jike anaingia, anakagua, asiporidhika anaondoka bila kuaga. Nyumba ikikauka rangi bila kupata mwenyewe, dume anaifumua na kuanza upya. Yuko mmoja maskini, nimemhesabia tatu. Nikamsimulia mama yako, akasema yeye alipokelewa kwenye chumba kimoja kule Mabatini, paa linavuja, na hakukagua chochote.

Maua, basi. Huko joto likirudi ndiyo yanaamka. Hapa kwetu kinachoamsha ni mvua. Hayo yako ya njano kitunguu chake hukaa ardhini baridi yote. Lile letu jekundu la chini ya mwembe, la duara kama brashi, nalo lina kitunguu, ila hulala kiangazi kikisubiri mvua za kwanza za vuli. Kwa hiyo picha yake utaipata Novemba. Sasa hivi ni masika, nyasi zimenifika magotini, na kwenye uzio haibiskasi imejaa. Ndege chozi anakuja kila asubuhi, anatoboa kitako cha ua na kunyonya asali bila kupitia mlangoni. Mwizi mzuri kama huyo sijamwona. Ziwani gugumaji limetoa maua ya zambarau. Ningeyasifia, lakini waulize wenye mitumbwi.

Mbayuwayu ndio wameniachia upweke kidogo. Tangu Oktoba walikuwa wamejipanga kwenye waya wa umeme, na jioni wadudu wa ziwani wakipanda juu kama moshi walikuwa wanawapitia katikati wakila. Wiki mbili zilizopita niliamka waya ni mtupu. Wamerudi kaskazini kuzaa. Mwaka 1911 mtu mmoja wa Staffordshire, huko huko Uingereza, alimvisha mbayuwayu pete mguuni, akaja kukamatwa Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Ndege mwenye uzito wa barua hii! Wengi wa Uingereza huenda kushinda huko kusini kabisa, kwa hiyo wa dirishani kwako si lazima awe wa waya wetu. Wewe mwamkie tu.

Ule unga wa muhogo umefika? Na koti nene usilivue kwa sababu ya maua, nasikia baridi ya huko hurudi ghafla.

Naachia hapa. Mama yako anapiga sufuria kwa mwiko, maana yake pimbi wameingia kwenye bamia.

Baba